Kasongo-Kabambare: Bomba la jiko likiishia chini ya upenu, moshi unarudi nyumbani

Katika wilaya za Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, familia nyingi zinapika kwa kuni. Wakati wa kiangazi moto unawashwa nje, nyuma ya nyumba au chini ya mwembe. Mvua ikianza, moto unaingia ndani. Kuanzia siku hiyo moshi unakuwa kama mkaaji mwingine wa nyumba: unaingia katika nguo, unaweusisha miti ya paa, unawatoa akina mama machozi na kuwakohoza watoto.

Dawa inayotajwa mara nyingi ni jiko la udongo lenye bomba la moshi, lile ambalo wengine kwetu wanaita shemine. Ni dawa nzuri. Lakini kuna kosa moja linaloweza kuiharibu kazi yote, nalo haliko katika jiko. Liko juu, pale ambapo bomba linatoka ukutani na kukutana na upenu, yaani ile sehemu ya paa inayotoka nje ya ukuta.

Nililiona kosa hilo nyumbani kwa mama mdogo, Kasongo. Fundi alimjengea jiko zuri la udongo, lenye nafasi ya sufuria mbili. Akatoboa ukuta kwenye kimo cha kifua, akapitisha bomba fupi alilokunja kutoka kipande cha manjanja, akaliacha lichungulie nje, chini ya upenu. Siku ya kwanza moshi ulitoka na kila mtu alifurahi. Siku ya tatu upepo uligeuka. Moshi uliotoka ulipanda, ukagonga manjanja ya upenu, ukatafuta nafasi kati ya ukuta na paa, ukarudi ndani kwa njia ya juu. Mwingine haukutoka kabisa: upepo uliusukuma ndani ya bomba na kuleta majivu hadi kwenye sombe. Kabla ya juma kwisha, mama mdogo aliziba tundu kwa kitambaa na kurudi kwenye mafiga yake matatu. Alisema jiko ni baya. Jiko halikuwa baya. Njia ya bomba ndiyo haikufikiriwa.

Ni jambo dogo kwa macho, lakini linagusa uhai. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba moshi wa majiko ya nyumbani ulisababisha vifo milioni 3,2 duniani katika mwaka 2020, na kati ya hao zaidi ya 237.000 walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka 5. Mtoto anayefungwa mgongoni wakati mama anapika anavuta moshi ule ule mama anaovuta, kwa mapafu madogo zaidi.

Upenu una kazi yake

Mtu anaweza kusema: basi tukate upenu, jambo limekwisha. Hapana. Nyumba nyingi za kwetu zina kuta za matofali ya udongo yasiyochomwa, au za miti iliyokandikwa udongo. Ukuta wa namna hiyo unaogopa maji kuliko kitu kingine. Upenu mpana ndio unaotupa maji ya mvua mbali na msingi. Ukiukata upande mmoja, msimu mmoja au miwili ya mvua inatosha kuanza kuula ukuta kutoka chini.

Zaidi ya hayo, upenu wa mbele ndio baraza yetu. Kasongo ulikuwa mji wa Tippu Tip na watu wa pwani kabla ya jeshi la Dhanis kuuteka mwezi wa Aprili 1893, na nyumba ya pembe nne yenye baraza ni sehemu ya urithi wa wakati ule. Hapo wageni wanakaribishwa, hapo mpunga unaingizwa haraka mvua ikikaribia. Hakuna anayetaka kuupoteza.

Kwa hiyo upenu utabaki. Bomba ndilo linalopaswa kupangiwa njia, na njia hiyo ipangwe kabla fundi hajagusa ukuta.

Kwa nini moshi unapanda

Moshi unapanda kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi. Bomba lililojaa hewa ya moto linavuta hewa mpya kupitia mlango wa kuni. Nguvu ya mvuto huo inatoka katika mambo mawili: joto la ndani ya bomba na kimo chake. Joto likiwa sawa, bomba la mita 3 lina mvuto mara mbili wa bomba la mita 1,5. Bomba la mama mdogo, lililolala ukutani bila kupanda, karibu halikuwa na mvuto wowote. Lilikuwa tundu tu.

Kila kona inapunguza nguvu hiyo. Kona kali, ile ya pembe mraba, inapunguza zaidi na ndipo masizi yanapokusanyika. Kona ya kulala, nusu ya pembe mraba, inapitisha moshi vizuri zaidi. Na kipande chochote cha bomba kinacholala sawa na ardhi kinakuwa kitanda cha masizi. Kama ni lazima bomba lipite ukutani, kipande hicho kiwe kifupi sana na kiinuke kidogo kuelekea nje.

Kutoka hapo unaelewa kwa nini upenu ni tatizo. Bomba linataka kupanda moja kwa moja. Upenu umesimama njiani.

Njia nne za kupita

Njia ya kwanza ni kupanda ndani ya nyumba na kutoka katikati ya paa, bila kukutana na upenu. Ndiyo inayovuta vizuri kuliko zote, maana bomba limenyooka na linabaki na joto. Ubaya wake ni tundu katika paa. Manjanja ni ghali, yanatoka mbali kwa barabara mbovu, na hakuna mwenye nyumba anayependa kuyatoboa juu ya kitanda chake. Anayechagua njia hii azunguke bomba kwa kipande cha manjanja ambacho ukingo wake wa juu unaingia chini ya bati lililo juu yake, na ukingo wake wa chini unalala juu ya bati lililo chini yake. Maji yatateremka kama kwenye magamba ya samaki. Ukipaka lami au simenti juu tu, nyufa zitakuja na maji yataingia.

Njia ya pili ni kutoboa ukuta, kutoka nje na kuuzunguka upenu kwa kona mbili hadi kuupita ukingo wake. Paa halitobolewi. Lakini upenu ukiwa na upana wa sentimita 60 au zaidi, bomba linasimama mbali na ukuta bila kitu cha kuliegemea. Linahitaji vishikizo vya chuma virefu, na dhoruba za mwanzo wa mvua zinaweza kulilaza. Pia bomba refu la nje linapoa asubuhi na wakati wa mvua, mvuto unapungua, masizi yanaongezeka. Njia hii inafaa penye upenu mfupi tu. Kona ziwe za kulala, zisizidi mbili.

Njia ya tatu ni kutoboa ukuta, kupanda karibu na ukuta na kupita katikati ya upenu wenyewe. Watu wengi hawaifikirii, kwa sababu wanaogopa tundu katika paa. Lakini tundu hili liko nje ya ukuta. Likivuja, maji yanaangukia nje, hayaangukii kitandani wala katika gunia la mpunga. Bomba linapata ukuta wa kuegemea na kona ni moja tu. Kwa nyumba ya manjanja iliyokwisha kujengwa, mara nyingi hii ndiyo njia ya busara.

Ina sharti moja: kimo. Upenu ndio sehemu ya chini kabisa ya paa, na upepo unaopita juu ya nyumba unaweza kuteremka na kusukuma moshi ndani ya bomba fupi. Kanuni inayofuatwa sana nchini Marekani inasaidia hapa: mdomo wa bomba uwe juu ya tundu la paa angalau sentimita 90, tena uwe juu kwa sentimita 60 kuliko sehemu yoyote ya nyumba iliyo ndani ya mita 3 kutoka bomba. Chukua mfano. Mgongo wa paa uko mita 2,5 kutoka bomba, na uko juu ya tundu kwa mita 1,2. Ongeza sentimita 60. Bomba linapaswa kusimama mita 1,8 juu ya upenu, na lifungwe kwa nyuzi za chuma pande tatu ili lisitikisike.

Njia ya nne ni ya anayejenga upya. Ni kuweka jiko kwenye ukuta wa ubavuni, ule unaopanda kwa umbo la pembe tatu hadi mgongo wa paa. Mara nyingi upande huo upenu ni mfupi na maji ya paa hayamwagikii hapo. Bomba linapanda na ukuta hadi karibu na mgongo, na likipita upenu mdogo linahitaji kimo kidogo tu kufikia sentimita 60 zinazotakiwa. Tofauti ya gharama kati ya kuweka jiko ukuta huu au ule, kabla nyumba haijajengwa, ni sifuri. Baada ya kujengwa, ni fundi, manjanja na siku za kazi.

Nyumba ya nyasi, hesabu nyingine

Yote hayo yanahusu paa la manjanja. Katika vijiji vingi vya Kasongo na Kabambare paa ni la nyasi au majani, na huko hatari ya kwanza si moshi bali ni moto. Cheche moja mwezi wa Julai, wakati nyasi zimekauka, inaweza kumaliza nyumba na zile za jirani. Wilayani Kabambare, ambako familia zilizokimbia vita zinapokelewa katika nyumba za familia nyingine, paa moja likiungua wanaolala nje ni wengi.

Bomba la chuma tupu lisipitishwe kamwe katika nyasi. Kanuni za usalama zinataka bomba la chuma la tabaka moja liwe mbali na kitu chochote kinachoweza kuungua kwa sentimita 45 kila upande. Nyasi haziwezi kuheshimu kipimo hicho, kwa maana zinaanguka na kusogea.

Kwa paa la nyasi ni afadhali jiko liwe katika jiko la nje, kibanda kilichotengwa na nyumba ya kulala, na kuta zisifike juu ili moshi utoke pande zote. Mwenye uwezo akitaka bomba, aweke manjanja mawili matatu tu sehemu ya jiko, na bomba lipite hapo mbali na nyasi. Uingereza, ambako bado kuna nyumba za nyasi, kanuni za ujenzi zinataka mdomo wa bomba lililo karibu na paa la namna hiyo uwe mita 1,8 juu yake, ili cheche zife kabla ya kushuka. Kipimo hicho kinaonyesha jinsi jambo lenyewe linavyoogopwa.

Hata chini ya manjanja, miti ya paa ni ya kuangaliwa. Sentimita 45 kila upande ni nafasi kubwa, na miti mingi ya paa imekaribiana kuliko hapo. Kuna njia mbili: kukata mti mmoja na kuufunga upya kwa miti ya pembeni, au kujenga bomba kwa matofali ya kuchoma badala ya chuma. Bomba la matofali linashika joto ndani. Hata hivyo lisiguse mti: liache nafasi ya sentimita 5, na udongo wa viungo ujazwe vizuri pasipo ufa. Matofali mabichi yasitumike juu ya paa, mvua itayayeyusha.

Bomba lenyewe linatengenezwa na nini

Fundi wa kwetu anakunja bomba kutoka kile anachopata. Mara nyingi ni manjanja ya zamani. Hapo kuna jambo la kujua: manjanja yamepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali inatoa mvuke unaomletea mtu homa na maumivu ya kifua. Kwa hiyo kipande cha kwanza, kile kilicho karibu na moto, kiwe cha matofali na udongo, au cha bati zito la pipa la mafuta lililochomwa kwanza nje, mbali na watu. Manjanja yatumike juu tu, ambako moshi umepoa. Pipa lililobeba dawa za mashamba au kemikali nyingine lisitumike hata kidogo.

Upana wa ndani usipungue sentimita 10 kwa jiko la nyumbani. Jiko kubwa lenye sufuria mbili linaweza kuhitaji sentimita 15. Vipande viunganishwe vizuri pasipo nafasi, na udongo uliochanganywa na majivu uzibe viungo. Juu kabisa, kofia ya bati izuie mvua, lakini iache nafasi pande zote, isije ikawa kifuniko cha sufuria.

Chini ya kona acha kidirisha cha kusafishia. Kuni mbichi zinatoa masizi mengi, na masizi yakijaa yanaziba njia au yanashika moto ndani ya bomba. Wakati wa mvua, kulisafisha kila mwezi si kazi nyingi: fimbo ndefu na kitambaa kilichofungwa mwishoni vinatosha.

Pima kabla ya kutoboa

Vipimo vyote hivi vinaweza kufanywa na kamba, jiwe na nusu saa. Simama mahali unapotaka kuweka jiko. Fundi apande na kuteremsha kamba yenye jiwe, ile timazi ya masikini, kutoka pale bomba litakapotokea hadi chini. Kama kamba inagusa mti wa paa, sogeza jiko, usisogeze mti. Jiko la udongo bado liko katika ndoo. Mti umebeba paa.

Kisha pima upana wa upenu, umbali hadi mgongo wa paa na kimo cha mgongo. Namba tatu tu. Zitakuambia njia ipi inafaa na bomba linahitaji mita ngapi, kabla ya kununua chochote.

Mwisho, siku yenye upepo, washa majani mabichi kidogo katika sufuria kuukuu na uishike chini ya upenu pale unapotaka kutoboa. Hili ni kwa nyumba ya manjanja tu, si ya nyasi. Angalia moshi unaenda wapi. Kama unaingia kati ya ukuta na paa, umeona kwa macho yako kile ambacho bomba fupi lingekufanyia kila siku.

Bomba si dawa ya kila kitu

Ni lazima kusema ukweli: bomba linapunguza moshi, haliumalizi. Katika milima ya Guatemala, Amerika ya Kati, watafiti waligawa majiko yenye bomba kwa familia zilizokuwa zinapikia moto wa wazi na kufuatilia watoto wao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la Lancet. Gesi ya sumu ya moshi ambayo watoto walivuta ilipungua kwa nusu, na homa kali za mapafu zilipungua kwa karibu theluthi moja. Lakini ukihesabu homa zote za mapafu, nyepesi na kali, kupungua hakukuwa wazi. Watafiti walieleza kwamba moshi unapaswa kupungua zaidi ya hapo.

Hivyo bomba liende pamoja na kuni kavu zilizowekwa chini ya upenu kabla ya mvua, maharagi yaliyolowekwa usiku ili yaive upesi, na mtoto mdogo aliyewekwa mbali na moto. Na mbabula ya makala isidanganye mtu kwa sababu haionyeshi moshi. Gesi yake haina harufu, na katika chumba kilichofungwa inaua watu wakiwa usingizini.

Mama mdogo, hatimaye, alikubali kujaribu tena. Safari hii bomba lilipitia katikati ya upenu, likapanda juu ya mgongo wa paa, likafungwa kwa nyuzi tatu. Mvua ya kwanza ilivuja kidogo kando ya bomba na kuangukia nje, karibu na ngazi ya mlango wa nyuma. Amepanga jiwe pale ili maji yasichimbe msingi. Upepo ukitoka upande wa mto, moshi unaelekea kwa dirisha la jirani, na wawili hao wamekubaliana kuongeza bomba nusu mita pindi kipande cha bati kitakapopatikana. Kile kitambaa cha kuzibia sasa kinatumika kuteremsha sufuria motoni.